IPv6: haraka hii ni ya nani?

#1 Ruta Kuu (mwanzisha mada)

Wadau wa mitandao, habari zenu.

Kila baada ya muda linarudi lilelile: anwani za IPv4, zile namba zinazotambulisha vifaa kwenye intaneti, zimekwisha, na asiyehamia IPv6, toleo jipya lenye anwani nyingi zaidi, sasa atabaki kisiwani. Wakubwa wa ofisi wanaonyeshwa slaidi zenye mstari unaopanda, wanashtuka, kisha wanamgeukia fundi anayebeba mtandao mzima peke yake na kumuuliza tunahama lini. Uzi huu nauandika kwa ajili ya huyo fundi, maana mara nyingi ndiye mwenye jibu na ndiye asiyesikilizwa.

Msimamo wangu niuweke wazi mapema. IPv6 ni itifaki (kanuni za vifaa kuwasiliana) nzuri, imekomaa, na wapo ambao bila hiyo kazi yao haiendi. Lakini kama mtandao wako umeshasimama, una anwani za kukutosha na haupanuki kwa kasi, hakuna dharura ya kuhama. Dharura ipo mahali pengine, nitaifikia, na hiyo sijaona mtu akiitengenezea slaidi.

Tuanze na miaka. IPv4 tunayoitumia iliandikwa 1981. Anwani yake ni biti 32, yaani jumla ni kama bilioni 4.3. Tarehe 1 Januari 1983 ARPANET, mtandao uliozaa intaneti, iliachana na itifaki yake ya zamani, NCP, ikahamia TCP/IP kwa siku iliyopangwa. Iliwezekana kwa sababu kompyuta zilizounganishwa zilikuwa mamia tu, na mwenye mtandao alikuwa mmoja mwenye uwezo wa kumkatia asiyetii. Siku ya namna hiyo haitakuja tena. Intaneti ya leo haina mwenye amri hiyo, kwa hiyo kila anayekutajia "siku ya mwisho ya IPv4" muulize nani ataizima.

Katikati ya miaka ya 1990 kikundi cha IETF, jumuiya inayosanifu itifaki za intaneti, kilipiga hesabu kikakadiria kwamba anwani zingekwisha kati ya 2005 na 2011. Tuwape haki yao, walipatia: tarehe 3 Februari 2011 IANA, mgawaji mkuu wa anwani duniani, iligawa mafungu yake matano ya mwisho, moja kwa kila msajili wa kanda. Asia na Pasifiki walifika kwenye akiba ya mwisho Aprili mwaka huohuo, Ulaya Septemba 2012, Amerika Kaskazini wakamaliza Septemba 2015. Kwa hiyo anayekuambia leo kwamba anwani "zinakaribia kwisha" anakuletea habari ya zaidi ya miaka kumi iliyopita. Zilikwisha. Na baada ya kwisha, simu janja, kamera, runinga na vifaa vya kila aina viliendelea kuunganishwa kwa mabilioni.

Kwa nini intaneti haikusimama? Hapa ndipo penye kiini cha mjadala, naomba mnivumilie.

Jibu la haraka ni NAT, mbinu ya vifaa vingi kutumia anwani moja ya nje. Waraka wake wa kwanza ulitoka Mei 1994, na waliouandika wenyewe waliitaja kuwa suluhisho la muda mfupi. Februari 1996 yakatengwa rasmi mafungu ya ndani tunayoyajua sote, 10.0.0.0, 172.16.0.0 na 192.168.0.0. Nyumba nzima au ofisi nzima ikatoka nje kwa anwani moja, ikitofautishwa kwa namba za poti, ambazo ni 65,536 kwa kila anwani.

Lakini NAT ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni kwamba anwani yenyewe ilipungua umuhimu. Zamani kila tovuti ilihitaji anwani yake. HTTP/1.1, toleo la itifaki ya kurasa za wavuti, ikaleta utaratibu wa kivinjari kutaja jina la tovuti ndani ya ombi, na mwaka 2003 TLS, itifaki inayoficha mawasiliano kwa usimbaji, ikaongezewa kipengele cha kutaja jina kabla usimbaji haujaanza. Tangu hapo maelfu ya tovuti yanaishi nyuma ya anwani moja bila kugombana. Unapofungua ukurasa leo, jina ndilo linaloamua unakwenda wapi, na anwani utakayopewa inategemea seva ipi ipo karibu nawe wakati huo. Geoff Huston wa APNIC, msajili wa anwani wa Asia na Pasifiki, ameifafanua hoja hii kwa miaka mingi kuliko mimi: mteja hahitaji anwani ya kudumu, na seva haihitaji anwani ya peke yake. Mipango ya miaka ya 1990 ilidhani kila kifaa kitakuwa na anwani yake ya umma na vitaongea moja kwa moja. Dunia ikaenda njia ya kila kifaa kuongea na kituo kikubwa cha data. Unaweza kuisikitikia njia hiyo, na mimi naisikitikia, lakini ndiyo tuliyomo.

Sasa pesa, maana soko halina ushabiki. Mwaka 2011 Microsoft ilinunua anwani 666,624 kutoka kwenye mali za Nortel iliyofilisika kwa dola milioni 7.5, kama dola 11 kwa anwani. Bei zikapanda mwaka hadi mwaka, zikapita dola 50 kuelekea 2022, kisha zikaanza kushuka. Februari 2024 Amazon ilianza kutoza nusu senti ya dola kwa saa kwa kila anwani ya umma ya IPv4 kwenye huduma zake za wingu, kama dola 44 kwa mwaka. Mwenye seva elfu kumi anaumia. Mwenye seva nne hatajenga mtandao upya kwa sababu ya hiyo. Na kama kweli kungekuwa na dharura ya kila mtu, bei ya anwani sokoni isingeanza kushuka ikiwa anwani mpya hazizalishwi.

Tatizo kubwa la IPv6 lilikuwepo tangu waraka wake wa kwanza wa Desemba 1995: haiongei na IPv4. Kifaa chenye IPv6 peke yake hakiwezi kufikia seva yenye IPv4 peke yake bila mkalimani katikati. Maana yake, ukiweka IPv6 hauondoi IPv4. Unaendesha zote mbili. Kanuni za fayawoli (ukuta unaochuja trafiki) mara mbili, njia mbili za kufuatilia hitilafu, mipango miwili ya anwani, na ufuatiliaji mara mbili kwa idadi ileile ya watu. Faida halisi inakuja siku utakapozima IPv4, na siku hiyo haiko mikononi mwako, iko mikononi mwa wale unaotaka kuwafikia.

Kibaya zaidi, hitilafu za IPv6 zinajificha. Tangu 2012 kuna mbinu iliyosanifiwa ya kivinjari kujaribu itifaki zote mbili na kuchukua ile inayojibu kwanza. Ni mbinu nzuri kwa mtumiaji. Kwa fundi, ina maana upande wa IPv6 unaweza kufa Jumatatu na hakuna atakayelalamika, hadi programu isiyo na mbinu hiyo ianze kukwama na wewe uanze kutafuta mchawi usiku.

Naomba michango. Wanaopinga karibuni zaidi kuliko wanaokubali.

#2 Mlinda Lango

Mkuu Ruta, heshima yako, lakini umeandika kama mtu wa ofisi. Sisi tulio upande wa watoa huduma wa simu tunaiona dunia nyingine kabisa.

Ukiwa na wateja mamilioni na anwani laki chache, NAT ya nyumbani haitoshi, unaweka NAT ya pili ndani ya mtandao wako mwenyewe. Aprili 2012 likatengwa fungu maalumu la kazi hiyo, 100.64.0.0/10, anwani milioni nne na ushee. Kwa mtoa huduma mkubwa hata hizo za ndani hazitoshi, inabidi urudie fungu hilohilo kanda kwa kanda. Kila muunganisho lazima ukumbukwe na mashine ghali. Vyombo vya dola vikiuliza nani alitumia anwani fulani saa fulani, bila namba ya poti na saa sahihi hadi sekunde huna jibu, kwa hiyo unahifadhi kumbukumbu nyingi mno. Na tovuti ikiamua kuifungia anwani moja kwa sababu ya mhuni mmoja, mamia ya wateja wasio na hatia wanafungiwa naye. Simu za kulalamika zinakuja kwetu, siyo kwa ile tovuti.

Ndiyo maana T-Mobile ya Marekani na Jio ya India walikwenda IPv6 mapema kwenye simu. Simu inapewa IPv6, na programu za kizamani zinazodai IPv4 zinatafsiriwa kwa 464XLAT, iliyosanifiwa 2013. Trafiki ya video na mitandao ya kijamii inapita IPv6 moja kwa moja bila kugusa mashine za NAT. Takwimu za Google zinaonyesha watumiaji wanaofika kwao kwa IPv6 walikuwa chini ya 1 kwa mia mwanzoni mwa 2012, sasa wamepita 40 kwa mia. Hao hawakuletwa na hofu ya slaidi. Waliletwa na hesabu.

#3 Ruta Kuu

Mkuu Mlinda Lango, huu ndio mchango niliokuwa nausubiri, na sipingi hata mstari mmoja. Wewe una dharura. Unapokea wateja wapya kila siku, kila mmoja anakuongezea mzigo kwenye mashine ya NAT, na kila baiti inayopita IPv6 ni baiti usiyolipia mashine hiyo.

Angalia lakini hao 40 kwa mia ni akina nani. Kwa sehemu kubwa ni wateja wa simu na wa intaneti za nyumbani ambao hata hawajui kama wanatumia IPv6, kwa sababu mtoa huduma aliwawashia. Hawakufanya mradi, hawakuitisha kikao. Hilo ndilo nalotaka lieleweke: wenye faida wameshahamia, au wanahamia, kwa kasi ya faida yao. Kumchukulia fundi wa taasisi ya watu mia mbili kana kwamba ana tatizo la Jio ni kumuonea.

#4 Mgeni Mtandaoni

Kaka Ruta, mimi bado najifunza. Tulifundishwa kwamba IPv6 ni salama zaidi kwa sababu IPsec, ulinzi wa kusimba trafiki, imo ndani yake, na kwamba ina kasi zaidi. Vipi hapo?

#5 Ruta Kuu

Swali zuri mdogo wangu, na hayo mawili yamepitwa.

La IPsec: mwanzoni ilikuwa sharti kwa kila kifaa cha IPv6. Mwaka 2011 IETF yenyewe ililishusha kutoka sharti hadi pendekezo. IPsec inapatikana pia kwenye IPv4, na kote kuwili hailindi chochote mpaka mtu aisanidi. Usimbaji unaokulinda kila siku ni TLS, ambayo haijali uko itifaki ipi.

La kasi: inategemea njia. Ukikwepa mashine ya NAT iliyolemewa, utaona nafuu. Ukipita kwenye njia mbovu ya IPv6, utaona uchungu. Kampuni mbili kubwa za kusafirisha trafiki, Cogent na Hurricane Electric, zilikaa miaka mingi tangu 2009 bila kuunganishana upande wa IPv6, hivyo mteja wa hii peke yake hakuweza kumfikia mteja wa ile peke yake, ilhali kwa IPv4 walifikiana.

Kuna jambo jingine ambalo huwaumiza wengi. Kwenye IPv4 ruta ya njiani inaweza kukata pakiti kubwa ya data vipande. Kwenye IPv6 hairuhusiwi. Inaitupa na kumtumia mtumaji ujumbe wa ICMPv6, itifaki ya taarifa za hitilafu, kwamba punguza ukubwa. Sasa fundi aliyezoea kufunga ICMP yote kwenye fayawoli kwa sababu za "usalama" anaufunga na ujumbe huo. Matokeo yake ukurasa unaanza kufunguka, kisha unaganda, maana pakiti ndogo zinapita na kubwa zinapotea kimya. Kila kipimo cha pakiti ndogo kinakuambia mtandao ni mzima. Nimewaona watu wenye uzoefu mkubwa wakihangaika hapo.

#6 Dada wa Seva

Kaka Ruta, naandika programu, siendeshi ruta, ila nina ugomvi na wewe kidogo. Ukiwaambia watu hakuna dharura, watasikia "usifanye kitu". Na sisi tutaendelea kupokea mifumo iliyojengwa kana kwamba IPv6 haipo.

Mfano. Jedwali la watumiaji lina safu ya anwani yenye nafasi ya herufi 15, kwa sababu anwani ndefu kabisa ya IPv4 ni herufi 15. Anwani ya IPv6 ikiandikwa kamili ni herufi 39. Siku mtoa huduma wa seva anawasha IPv6 upande wa mbele, nusu ya wateja wanashindwa kuingia na hakuna anayeelewa kwa nini. Mfano mwingine: mfumo wa kuzuia wanaojaribu nywila mara nyingi unafungia anwani moja moja. Mteja wa kawaida wa IPv6 hupewa fungu zima la /64, yaani anwani 2 kwa kipeo cha 64. Anabadilisha anwani kwa kila jaribio na mfumo wako haumgusi. Inabidi umhesabu kwa fungu, siyo kwa anwani.

Apple walilazimisha tangu Juni 2016 kwamba programu ya simu lazima ifanye kazi kwenye mtandao wa IPv6 peke yake, la sivyo hawaipokei. Serikali ya Marekani Novemba 2020 ilitoa agizo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka wa fedha 2025, asilimia 80 ya vifaa vya mtandao vya taasisi zake viwe vimehama na kutumia IPv6 pekee. Ukingoja mteja akudai, utajifunza kwa presha.

#7 Ruta Kuu

Dada, kwenye programu niko upande wako moja kwa moja, na nakushukuru kwa mifano. Safu ya herufi 39 badala ya 15 haigharimu kitu ukiipanga siku ya kwanza, na inagharimu usingizi ukiisahau. Hali kadhalika ununuzi: hakuna sababu ya kununua ruta au fayawoli mpya isiyojua IPv6 vizuri. Hayo hayahitaji kuhama, yanahitaji umakini katika kazi unayoifanya tayari. Ninachopinga ni kuuvuruga mtandao mzima kwa tarehe iliyotungwa.

Umenifikisha kwenye ile dharura niliyoiahidi. IPv6 imeshaingia kwenye mtandao wako bila ruhusa yako. Windows tangu Vista, mwaka 2007, inaiwasha yenyewe. Mac, Linux, simu, printa, vivyo hivyo. Kila kimoja kimejipa anwani inayoanza na fe80 na kinasikiliza kama kuna ruta itakayojitangaza. Mtandao unaouita "wa IPv4 tu" unakosa ruta ya IPv6 tu. Vifaa viko tayari.

Sasa mtu akichomeka kompyuta inayojitangaza kuwa ruta, kwa nia mbaya au kwa sababu tu amewasha kipengele cha kugawa intaneti, vifaa vyote vilivyo karibu vinaiamini na kujipa anwani. Na kwa kawaida mfumo endeshi hupendelea IPv6 ikiwepo. Trafiki ya ofisi inaanza kupita kwenye kompyuta ya mtu, na fayawoli yako iliyojaa kanuni za IPv4 haioni kitu. Ofisi moja niliyoihudumia ilikuwa na VPN, handaki la siri la kuingia mtandao wa ofisi, iliyobeba IPv4 peke yake. Wafanyakazi waliokuwa nyumbani kwenye intaneti yenye IPv6 walikuwa wakitoka nje ya handaki kwa kila tovuti yenye IPv6, na kila mtu aliamini wamefunikwa.

Hilo ndilo la haraka. Halingoji bajeti wala mpango wa miaka mitatu.

#8 Mlinda Lango

Hapa tumekutana, mkuu. Niongeze moja kwa wanaoamua kuiwasha: Android kwa miaka mingi imegoma kupokea anwani kwa DHCPv6, huduma inayogawa anwani kutoka sehemu moja, inajitungia yenyewe, tena za muda zinazobadilika. Ofisi iliyozoea kujua kifaa gani kilikuwa na anwani gani kupitia DHCP itabidi ikusanye taarifa hizo kwenye ruta na swichi. Wengi huligundua baada ya kumaliza kusambaza.

#9 Mgeni Mtandaoni

Basi si rahisi tu kuizima kila mahali mambo yaishe?

#10 Ruta Kuu

Usifanye hivyo mdogo wangu. Microsoft wenyewe hawashauri kuizima kwenye Windows. Wanasema ni sehemu ya mfumo na baadhi ya vipengele huenda visifanye kazi. Ukitaka, unaweza kuielekeza Windows ipendelee IPv4 bila kuizima. Na kwenye simu na printa hutaweza kuizima zote hata ukitaka.

Fanya hivi. Kwenye swichi, washa RA Guard ili tangazo la ruta likubaliwe kutoka poti ya ruta halisi tu. Swichi nyingi za ofisi zinacho kipengele hiki, huwa kimelala. Kwenye fayawoli, weka kanuni za IPv6 hata kama huna IPv6 ya nje: inayoingia bila kuombwa ikataliwe, ICMPv6 ya kupunguza ukubwa wa pakiti iachwe ipite. Kwenye VPN, ama ibebe itifaki zote mbili au izuie ile isiyoibeba. Kisha chukua kona moja ya mtandao, maabara au Wi-Fi ya wageni, omba fungu la IPv6 kwa mtoa huduma wako, uiwashe hapo na ukae nayo uone inavyofanya na inavyoharibika. Wakikuuliza tunahama lini, utawajibu kwa ulichokiona kwenye kona hiyo.